Tangi la lita 36 kwenye saluni ya kunyoa: kisa cha maji yaliyoongezwa

Usuli

Mhusika ni kinyozi wa Mtwara mjini, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye saluni ya viti vitatu chini ya paa la bati. Nitamwita Kinyozi tu. Jina, mtaa na vingine vinavyoweza kumtambulisha nimeviondoa.

Alitaka tangi dogo la viumbe wa bahari, likae mkabala na benchi la wanaosubiri zamu. Sababu yake ilikuwa biashara. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia, hela inaingia mkoani, vijana wanakuja kunyoa kwa makundi, na saluni ya jirani ilikuwa imefunga televisheni kubwa. "Njomba, televisheni kila mtu anayo kwao," aliniambia. "Bahari ndani ya nyumba nani anayo?"

Mimi nakaa Lindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwake. Nimefuga samaki wa maji chumvi miaka kadhaa, na ujuzi wenyewe niliupata kwa kuua wengi kwanza. Mtwara nilikwenda mara mbili, mwanzoni na baada ya balaa. Mengine yote tuliongea kwa simu, na simu hiyo ndiyo iliyotuponza.

Bajeti yake ilikuwa shilingi 150,000, si zaidi. Nilimweleza mapema kwamba udogo wa tangi haurahisishi kazi. Kwenye tangi la lita 400, lita moja ikipotea hakuna anayehisi. Kwenye lita 36, lita moja ni karibu asilimia 3 ya dunia yote ya yule samaki. Alikubali kwa kichwa. Kwa vitendo tulikuja kukubali wote wawili baadaye.

Mpango na hela

Tangi lilitengenezwa na fundi vioo wa mjini: sentimita 50 kwa 30 kwa 30, kioo cha milimita 6, shilingi 55,000 pamoja na ufundi. Nilisisitiza jambo moja tu, silikoni isiwe ile yenye dawa ya kuzuia ukungu inayotumika bafuni, maana dawa hiyo huua viumbe. Likaachwa likauke wiki nzima, kisha likajazwa maji ya bomba na kulazwa usiku kucha juu ya magazeti. Gazeti likilowa hata kwa tone, utaliona asubuhi. Halikulowa.

Likijaa hadi sentimita tatu chini ya ukingo, ukatoa nafasi ya mawe na mchanga, linabaki na lita 36 hivi za maji. Kwa uzito, maji, mawe na kioo vinakaribia kilo 60, kwa hiyo meza ya plastiki aliyokuwa ameiandaa tuliikataa. Fundi seremala wa jirani akamwekea kimeza cha mninga alichokuwa nacho, kwa malipo ya kunyolewa bure mpaka mwaka uishe. Sijui aliyefaidi zaidi ni nani.

Vingine: pampu ya hewa 18,000, taa ya LED 12,000, kipimajoto 6,000, dawa za kupima amonia zilizokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam 45,000 pamoja na mzigo, na ndoo mbili zenye mifuniko 14,000. Jumla 150,000 kamili. Chujio tulilitengeneza wenyewe kwa sifongo na kipande cha bomba: hewa inapanda ndani ya bomba, inavuta maji kupitia sifongo, na bakteria wanaishi humo.

Kifaa cha kupima chumvi ya maji kilikuwamo kwenye orodha yangu ya kwanza. Tulikifuta. Hoja yake ilikuwa kwamba maji yanatoka baharini yakiwa tayari, sasa tunapima nini? Anayechanganya chumvi ya pakiti huko Ulaya ndiye mwenye haja ya kupima. Niliona hoja ina mashiko, nikakubali. Msomaji akumbuke hapo.

Maji, mawe na viumbe

Maji tuliyachota upande wa Shangani, siku za bamvua, yaani za maji makuu, maji yakiwa karibu kujaa na bado yanapanda. Maji yanayopanda huleta bahari ya nje. Yanayoshuka hubeba taka za mji na za mikokoni. Ndani ya ghuba ya Mikindani sikutaka, kwa sababu pale pamefungwa, na mvua zikianza maji ya juu huwa mepesi. Madumu manne ya lita 20, yaliyokuwa ya maji ya kunywa. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa halifai hata likioshwa mara kumi.

Mawe ndiyo yaliyozua mjadala. Kinyozi alikuwa na kijana aliyekuwa tayari kumletea matumbawe hai kwa bei ya soda. Nilikataa. Upande wa Msimbati ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na hakuna kuchukua kitu bila kibali. Hata nje ya hifadhi, kung'oa tumbawe lililo hai ili likafie saluni ni uharibifu mtupu. Tukatumia mawe ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu kwa ajili ya kujengea. Ni mepesi, yana matundu, na hayana bei. Tulikwepa yaliyobomolewa kwenye kuta za zamani, kwa sababu yamebeba chokaa na yanapandisha uchungu wa maji kupita kiasi. Yakasuguliwa kwa brashi, yakaanikwa siku tano.

Jiwe kavu halina bakteria, kwa hiyo tangi lilikaa bila samaki. Tulitumbukiza kipande cha kamba mbichi kioze. Kuoza huzaa amonia, bakteria wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa ikipunguzwa kwa kubadilisha maji. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Wateja walimcheka. "Umefuga maji?" Wiki ya pili amonia ilipanda mpaka rangi ya juu kabisa ya kipimo, na saluni ikanuka soko la samaki. Wiki ya tano ikasoma sifuri siku tatu mfululizo.

Ndipo wakaingia: visamaki wawili wa madimbwini, wale wembamba wanaojilaza juu ya jiwe na kukutazama kama wazee wa baraza, kaa watano wadogo wa kuhamia magamba, konokono watatu wa kula ukungu wa kijani. Viumbe hawa nilivichagua kwa sababu dimbwi la pwani huchemka mchana na kupoa usiku, na waliozaliwa humo wamezoea shida. Vijana waliotumwa nilikuwa nimewaonya juu ya konokono wenye gamba zuri la umbo la koni: wana mwiba wa sumu, na aina mojawapo sumu yake imewahi kuua watu. Wasiokote kitu wasichokijua.

Yaliyotokea

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa raha. Kaa mmoja alihama gamba mbele ya wateja sita, na siku ile, kwa maneno ya Kinyozi, hakuna aliyelalamikia foleni.

Kisha joto. Ilikuwa ule wakati wa Novemba ambapo kusi imekwisha, kaskazi haijashika, na mvua bado. Paa la bati, mashine za kunyolea, watu kumi ndani. Saa nane mchana kipimajoto kilisoma nyuzi 32. Visamaki vikapanda juu, vinahema kwenye uso wa maji. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, huku joto hilohilo likimfanya samaki aihitaji zaidi.

Akanipigia. Nilikuwa kwenye daladala. Nikamjibu kwa ujumbe, na ninao mpaka leo: "Weka feni ndogo ipige juu ya maji. Maji yakipungua ongeza."

Feni ilifanya kazi. Siku ya pili mchana kipimo kilisoma 29. Upepo ukipita juu ya maji huyafanya yageuke mvuke, na mvuke unapoondoka huondoka na joto. Ndiyo kazi ya mtungi wa udongo pia. Kinyozi akanitumia picha na dole gumba.

Maji yakawa yanapungua karibu lita moja kwa siku. Kila jioni akifunga saluni aliongeza, kama nilivyomwambia. Aliongeza kutoka ndoo ya maji ya bahari. Tangi ni la maji ya bahari, yaliyopungua ni ya bahari, angeongeza nini kingine?

Siku ya saba konokono walijifunga. Siku ya tisa kaa wawili walipanda juu ya bomba la chujio na kukaa nje ya maji. Akanieleza, nikasema wanacheza, kaa ndivyo walivyo. Siku ya kumi na moja kisamaki kimoja kilikutwa kimekufa. Nikamwambia apime amonia. Kipimo kikasoma sifuri. Nikahisi dawa ya kunyunyizia nywele, nikamwagiza azuie. Nilikuwa nabahatisha, kusema kweli.

Mama mkubwa

Aliyelitegua fumbo hakuwa mimi. Siku ya kumi na mbili mama yake mkubwa alipita kumsalimia. Mama huyu ametumia ujana wake kwenye mashamba ya chumvi. Alikaa benchini, akatazama tangi, akainuka, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo, pale povu linaporukia na kukauka. Kulikuwa na ukoko mweupe, mnene kama chokaa ya ukutani. Akauonja. Kisha akachovya kidole majini, akaonja tena.

"Mwanangu, hapa unafuga au unapika?"

"Napika nini tena, mama?"

"Chumvi. Sisi shambani ndivyo hivi hivi. Unaingiza maji ya bahari, jua linakunywa maji, chumvi inabaki. Unaingiza mengine. Wewe umeweka na feni kabisa."

Kinyozi alinipigia akicheka na huku sauti imekauka. Mimi sikucheka. Nilipanda basi kesho yake alfajiri.

Kupima bila kipimo

Hatukuwa na kifaa, lakini jirani mwoka keki alikuwa na mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Tulichukua chupa moja ya maji ya kunywa ya lita 1.5. Chupa ileile kila mara, ijazwe mpaka mdomoni pomoni, ifutwe kwa kitambaa, maji yote yakiwa ya joto moja. Kwanza maji ya bomba, tukaandika uzito. Kisha maji mapya ya bahari ya Shangani: yakazidi yale ya bomba kwa gramu 39. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu bahari ya kawaida ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji, na lita yake huzidi ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa gramu 26.

Kisha maji ya tangi. Yakazidi kwa gramu 52.

Tulirudia mara tatu. 52, 53, 52. Kwa hesabu, chumvi ilikuwa imefika gramu 46 hadi 47 kwa kilo. Karatasini pia inaafikiana: lita 12 zilizoongezwa, kila moja na gramu zake 35, ni gramu 420 za chumvi ndani ya lita 36. Hiyo ni nyongeza ya karibu gramu 12 kwa lita. Karibu nusu kilo ya chumvi, njomba, tumeimimina wenyewe kwa kikombe.

Uamuzi

Kinyozi alitaka tumwage yote na kujaza maji mapya siku ileile. Ni rahisi na linaeleweka. Nililikataa kwa sababu kaa na konokono hawana uwezo wa kusawazisha chumvi ya miili yao haraka. Kuwashusha kutoka 46 hadi 35 kwa saa moja ni kuwapasua kutoka ndani. Tulikubaliana kushusha kwa siku tano: kila siku achote lita mbili za tangi, amwage, arudishe lita mbili za maji ya bomba, kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Juu ya hapo, kilichokaushwa na feni kirudishwe kwa maji ya bomba peke yake.

Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo yalilazwa saa 24 kwenye ndoo wazi yakipulizwa hewa. Maji ya mvua nayo yangefaa, ila paa lake ni bati, na madini ya bati, zinki hasa, ni sumu kwa kaa na konokono.

Feni tuliiacha, lakini kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni tu. Pia tulisogeza kimeza kutoka ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la jioni. Kusogeza huko hakukugharimu hata senti, na tungekufanya siku ya kwanza.

Matokeo

Siku ya sita chupa ilizidi kwa gramu 40. Kisamaki kilichobaki kilianza kula siku ya nne. Kaa wanne kati ya watano walipona. Konokono alibaki mmoja; wawili tuliwatambua kwa harufu, na waliondolewa kabla hawajaharibu maji, ingawa amonia ilionekana kidogo kwa siku mbili.

Kwa hela, hasara ilikuwa ndogo: nauli yangu, na soda ya vijana walioleta konokono wengine. Kwa heshima ya saluni, Kinyozi anadai ilikuwa kubwa, maana wateja walikuwa wameshawapa samaki majina.

Uchambuzi

Nianze na ujumbe wangu. "Maji yakipungua ongeza." Nimekuwa nikiongeza maji baridi miaka yote hii bila kufikiri, mpaka neno "baridi" limetoweka kichwani mwangu. Kwa aliyezaliwa pwani na kuelekezwa kwa maneno matatu, alichofanya Kinyozi ndicho kilichokuwa sahihi. Kosa ni la mwelekezaji. Lakini pia nimejiuliza kwa nini alama zilizofuata sikuziona. Konokono wamejifunga, kaa wanakimbia maji, amonia sifuri: wanyama walikuwa wanasema maji hayakaliki, na kipimo pekee tulichokuwa nacho kilikuwa kinajibu swali jingine. Nikakiamini kipimo kwa sababu kilikuwepo.

La pili ni kile kifaa tulichokifuta. Hoja kwamba bahari imeshajipima ni kweli kwa siku ya kwanza tu. Maji yakishaingia ndani ya kioo hayana mto, mvua wala mkondo wa kuyarekebisha, na yanaelekea upande mmoja: kukolea. Feni iliharakisha mwendo huo. Kwa hiyo dawa ya joto ikawa ugonjwa wa chumvi, na kila moja peke yake ingeonekana haina neno.

Yaliyofaulu ni machache lakini yalituokoa. Kusubiri wiki tano licha ya kejeli kulifanya bakteria wawe wengi kiasi cha kuhimili vifo vya ghafla. Viumbe wachache wa madimbwini walistahimili kitu ambacho samaki wa mwambani asingestahimili siku tatu. Na pampu ya hewa tuliifunga juu kuliko uso wa maji, ikivuta hewa kutoka dirishani kwa mpira mrefu. Hii ilikuwa bahati nusu. Nia yangu ilikuwa maji yasirudi kinyume kwenye pampu umeme ukikatika. Faida nyingine ni kwamba pampu haikuvuta spiriti, poda na manukato ya saluni na kuyapulizia samaki.

Umeme ulikatika usiku mmoja, kwa muda wa saa sita nzima. Kinyozi na mwanafunzi wake walipeana zamu ya kuchota kwa kikombe na kumimina kutoka juu, kila baada ya nusu saa. Inatosha kwa tangi lenye viumbe wachache. Kwa tangi lililojazwa samaki kumi isingetosha.

Mama mkubwa nisimpambe kupita kiasi. Alitazama kitu anachokijua. Kinachonikera ni kwamba Mtwara na Lindi zimejaa watu wanaojua kukausha maji ya bahari, na sisi tulikuwa tunasubiri vifaa kwa basi.

Hali ya sasa

Kuna mstari wa utepe mwekundu kwenye kioo, wa kuonyesha maji yanapotakiwa kufika, na chini ya kimeza madumu mawili yaliyoandikwa kwa rangi ya kucha: BOMBA – KILA SIKU, na BAHARI – IJUMAA, LITA NNE. Siku hiyo huchota lita nne kwanza, ndipo anarudisha nne. Kifuniko cha kioo kimewekwa na kuachiwa upenyo wa vidole viwili, kwa hiyo upotevu umeshuka hadi chini ya nusu lita kwa siku.

Kijana mwingine wa mjini ameshanitafuta akitaka la kwake, kwa 150,000 ileile. Orodha niliyomtumia imeanza na mizani ya jikoni. Taa nimeiondoa, chumba chake kina dirisha la kaskazini, na ukungu wa kijani utaota wenyewe.